Kupe Hapitwi

Mume wangu amechukiwa na watu wengi kuliko mtu yeyote ninayemfahamu, nami nimechoka. Nina saluni ya kusuka nywele. Redio ikifika habari za michezo, mteja aliyekaa chini ya mikono yangu huanza: "Huyu Kupe huyu, mama yake alimlisha nini?" Mimi hukaza msuko. Wateja wa zamani wanajua, hunyamaza. Wageni huondoka na kichwa kinachowagonga siku mbili, wala hawajui kosa lao.

Jina la Kupe alipewa na kocha wake wa kwanza wa mpira wa kikapu, kwa kuwa akishamganda mtu hang'oki. Kufunga hakujua. Akishika mpira, hata mashabiki wa timu yake walifumba macho. Lakini mpe mtu wa kumkaba, basi mtu huyo siku yake imeharibika. Wachache waliompenda walikuwa wakiimba "Kupe hapitwi", na kweli alikuwa hapitwi. Hatazami mpira wala macho. "Macho yanadanganya, mikono inadanganya," husema. "Kiuno hakina uongo. Kiuno kikienda, mwenyewe kaenda." Alikuwa akikaa sebuleni kutazama viuno vya wanaume kwenye video mpaka chai inapoa. Mama yangu alipokuja kututembelea mara ya kwanza, aliniita jikoni akaniuliza kwa sauti ya chini kama nilichunguza vizuri kabla ya kuolewa.

Sitampamba. Alikuwa mchokozi. Alivuta jezi, alikanyaga vidole, alichimba watu mbavu kwa kiwiko refa akigeuka. Mtu akijiandaa kurusha, yeye anamnong'oneza habari za mke aliyemkimbia. Amefungiwa, amepigwa faini, klabu mbili zimemfukuza. Uwanja mzima ulimzomea hata akienda kunywa maji. Halafu anarudi nyumbani, anaosha vyombo, anamsaidia binti yetu hesabu, analala fofofo. Wa kukesha ni mimi.

Jambo moja hakulifanya. Mtu akiruka kurusha mpira yuko hewani, haoni anapotua. Mkabaji akiingiza mguu chini yake, kifundo cha mguu kimekwenda. Wapo wanaofanya hivyo. Mume wangu akiwaona kwenye televisheni huzima. "Huko si kukaba," husema. "Huko ni kumtegea mtu mtego akiwa hana miguu."

Basi mwezi uliopita Kipanga aliruka kurusha, akatua juu ya mguu wa mume wangu, na kifundo kikavunjika.

Kipanga ndiye mfungaji anayependwa kuliko wote kwenye ligi. Wawili hawa wamekabana tangu hawajaota ndevu. Sijawahi kuwaona wakipeana mkono, ila mume wangu anakijua kiuno cha Kipanga kuliko anavyoijua siku yangu ya kuzaliwa. Kipanga alihojiwa akiwa kitandani hospitali, akasema, "Amenifanyia mengi yule bwana, lakini hili sikulitegemea kwake." Mume wangu aliirudia video hiyo mpaka nikamnyang'anya simu.

Ukweli ni kwamba alichelewa. Goti lake la kushoto limekwisha. Asubuhi hushuka ngazi kwa ubavu kama kaa, na binti yetu tumemwambia ni mazoezi. Siku ile alitaka kumfikia Kipanga kabla hajaruka, kama alivyomfikia miaka yote, na goti likamfikisha wakati mwenzake tayari anashuka. Hilo tulilijua watu watatu: yeye, mimi, na wakili wa klabu.

Wakili alikuja nyumbani Jumapili mchana, akakaa ukingoni mwa kochi.

"Kaka, keshokutwa kwenye kamati ya nidhamu sema hasira zilikupanda. Omba radhi. Watakufungia mechi kadhaa, utarudi, klabu itakupa mkataba wa miaka miwili. Nimeshaongea nao."

"Sikumwekea mguu."

"Najua. Lakini ukisema ulichelewa, watakuachia palepale, na hakuna klabu itakayomsajili mkabaji anayechelewa. Mtu mbaya ana soko, kaka. Mtu aliyekwisha hana."

Nasema wazi: nilikuwa upande wa wakili. Alipoondoka nilimwambia mume wangu, "Umetukanwa miaka yote kwa uliyoyafanya. Tukanwa mara moja kwa ambalo hukulifanya, mtoto amalize shule."

"Kipanga anaamini nilifanya."

"Kipanga ni nani yako? Mmezaliwa tumbo moja?"

Alifikiri kweli, kama nimemuuliza hesabu. "Sijui ni nani yangu," alisema. "Ila anaamini, mama."

Nikamwambia afanye anavyotaka. Nilikuwa nimechoka hata kugombana.

Jumanne tulikaa kwenye chumba cha mikutano cha ofisi za ligi. Kiyoyozi kilikuwa kikivuja, maji yakidondoka kwenye ndoo pembeni. Nyuma ya meza ndefu walikaa wanakamati watatu, na katikati yao mwenyekiti, mzee mwenye kitambi aliyekuwa mwalimu wa michezo mashuleni. Kipanga alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha, mguu kwenye plasta, magongo yameegemezwa ukutani. Hakumwangalia mume wangu. Mimi niliwekwa nyuma, karibu na mlango.

Wakili alisimama akarekebisha tai. "Mheshimiwa mwenyekiti, mteja wangu angependa kuomba..."

"Nilichelewa," mume wangu akasema.

Wakili akakaa polepole. Nikajua shule ya mtoto imeingia mashakani, na hasira zikanipanda. Lakini nilipomwona Kipanga amegeuza shingo ghafla kumtazama mume wangu, sikuweza tena kukasirika.

Mwenyekiti alivua miwani. "Wewe? Uchelewe? Nimekutazama tangu unaanza. Wewe hata dhambi zako hufika kabla ya muda." Wenzake wakacheka. "Usitufanye watoto, bwana. Lisemwalo lipo. Omba radhi kama mwanamume, tumalize."

"Goti limekwisha, mwenyekiti."

"Lilikwisha lini? Wiki hii?"

Mume wangu alisimama, akavua koti akaliweka juu ya kiti, kisha akasogeza viti viwili pakapatikana nafasi katikati ya chumba. Akachuchumaa nusu, mikono ameitanua.

"Nipite," alisema.

"Nini?"

"Simama pale, unipite. Chagua upande wowote."

Wakili aliguna. Mwenyekiti alitazama wenzake, akatazama kitambi chake, na nikaona kitu fulani cha ujana kinamwasha. Nani asingetaka kuwasimulia wajukuu kwamba aliwahi kusimama mbele ya Kupe? Akatoka nyuma ya meza na viatu vyake vya ofisini, akakunja mikono ya shati. Akajifanya anakwenda kushoto, bega zima, kama alivyowafundisha watoto wa shule. Kisha akaenda kulia.

Mume wangu hakudanganyika. Hilo nililiona mimi, na najua Kipanga naye aliliona. Macho ya mume wangu yalikwenda kulia kabla ya mwenyekiti kuamua. Kichwa kilikwenda, bega likakwenda. Goti halikwenda. Mzee yule na kitambi chake akapita ubavuni mwake bila hata kugusa shati, akafika mlangoni nilipokuwa nimekaa, akishikilia ukuta na kuhema.

Mwanakamati mmoja alicheka. Kisha akajisikia anacheka peke yake, akaacha.

Wakati huo Kipanga alikuwa ameshika gongo moja, anajitahidi kuinuka. "Basi," alisema, na sauti yake haikuwa ile ya kwenye televisheni. "Basi, mwenyekiti. Mimi sina kesi na huyu. Futeni."

Mwenyekiti alikubali kwa kichwa huku bado anahema. Hakuweza kumtazama mtu usoni. Mmoja wa wenzake akaandika. Kesi imekwisha, tumeshinda, na wakili akaanza kukusanya makaratasi yake kama mtu aliyetoka kuzika.

Mume wangu peke yake ndiye aliyekuwa hajasikia. Alikuwa bado katikati ya chumba, amechuchumaa, mikono imetanuka, amempa mgongo mtu aliyempita. Jasho lilikuwa linamtiririka shingoni.

"Rudi tena, mwenyekiti," alisema. "Mara moja tu. Hapo sikuwa tayari."

Kipanga alifunika uso kwa kiganja.

"Mara moja," alirudia. "Njoo upande wowote."

Nikainuka, nikaenda nikasimama mbele yake, nikamshusha mikono, mmoja baada ya mwingine.