Washidani au Hinatadaira

Katika miaka tisa ya ndoa yake, Mizuho hakuwahi kutumwa kitu na mama mkwe wake, hata glasi ya maji. Bi Fusae Kuramochi alikuwa mtu wa adabu zilizopigwa pasi. Mizuho akienda Kawagoe kumsalimia, hukalishwa mahali pa heshima, huwekewa mto mpya, humenyewa chenza. Akinyanyua kikombe akipeleke jikoni, hunyang'anywa kwa tabasamu. "Kaa, Bi Mizuho, kaa. Umechoka na safari." Safari yenyewe nusu saa ya treni! Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu mwaka wa tisa alikuwa bado anapewa mto. Mizuho alishawahi kulia kwa ajili ya vikombe vile, chooni, kimya kimya, maana mama yake mzazi alifariki yeye akiwa msichana, na aliingia katika ndoa ile akitamani sana kupata mama mwingine.

Kwa hiyo siku ya mwaka mpya, Bi Fusae alipoweka vijiti vyake vya kulia chini na kusema, "Februari ningependa twende kwenye theluji, sisi watatu," Mizuho nusura apaliwe na keki ya mchele.

"Wapi, mama?"

"Popote pale. Chagueni nyinyi."

Hapo ndipo kazi ilipoanza. Watu wa kule wakikwambia popote pale, jua wana mahali wanapopataka, na ni juu yako kupatambua bila kuuliza mara mbili.

Mahali penyewe palikuwa pawili, majirani wa bonde moja, basi la bure la robo saa kutoka hapa hadi pale. Washidani palikuwa na miteremko mikali, theluji ya kufika kifuani na nyumba za wageni za kawaida tu. Hinatadaira palikuwa na jua, miteremko ya kitoto, keki, na mabwawa ya maji moto yanayotoka ardhini. Mizuho aliporudi nyumbani Omiya alivitandaza vipeperushi vya pande zote mbili juu ya meza. Moyo wake ulikuwa Washidani. Alipokuwa chuo kikuu Sendai alikuwa katika chama cha wateleza theluji, na mpaka leo akiona mlima mkali miguu inamwasha. Hilo hakuwahi kumwambia mkwewe; mtu hajisifu mbele ya mkwe. Lakini safari hii haikuwa yake. Alitaka Bi Fusae arudi Kawagoe akiwa amefurahi, na safari hii alitaka asikosee.

Akamuuliza mumewe.

"Mama?" alisema Shigeki bila hata kuvitazama vipeperushi. "Hinatadaira, hakuna mjadala. Magoti, mke wangu. Magoti ya mama hata ngazi hayataki. Na kila Februari si anaenda kuoga maji moto na wenzake wa zamani?"

"Mbona sijawahi kumwona akichechemea?"

"Anajikaza. Si unamjua? Na usimuulize, utamwaibisha."

Shigeki mwenyewe alikuwa akisema aliteleza sana utotoni, ila siku hizi kazi haimpi nafasi. Mizuho alimwamini. Mtoto humjua mama yake kuliko mkaza mwana anavyomjua. Akapiga simu Hinatadaira, akalipia vyumba viwili.

Jumamosi moja ya Februari, asubuhi, wote watatu waliazima vibao vya kutelezea na mabuti, wakapanda kiti cha waya, kile kinachovutwa mlimani kwa kamba ya chuma, hadi kwenye mteremko mpole kuliko yote. Wale wanawake wawili wakashuka wamepanua miguu kama bata, hatua kwa hatua, kila mmoja akimchunga mwenzake.

"Taratibu, Bi Mizuho. Usiogope, nipo."

"Sawa, mama. Na wewe usijilazimishe. Tupumzike?"

"Kama wewe umechoka."

"Mimi sijachoka. Wewe je?"

Wakapumzika, ingawa hakuna aliyechoka. Saa nzima ikapita hivyo, na Mizuho akahisi kwamba akishuka mteremko ule mara moja zaidi atapiga kelele. Shigeki alishuka mara moja, sehemu kubwa kwa makalio, akasema vibao vyake vimelegea. Kisha akasimama bondeni na koti lake la buluu, akiwapungia mkono, uso umejaa furaha. "Pazuri, siyo? Nilisema mimi!"

Ilipokaribia saa tano Mizuho alisema anakwenda chooni. Bi Fusae akasema vizuri, yeye atakaa mkahawani anywe kitu cha moto. Mizuho akazunguka nyuma ya jengo, akatazama kushoto na kulia kama mwizi wa kuku, akarukia kiti cha waya kinachokwenda kileleni. Hinatadaira pia palikuwa na mteremko mmoja mkali, mwembamba, kati ya miti, na mwanzoni mwake palisimama kibao cheusi cha kuonya watu. Mara moja tu, alijiambia. Mara moja, halafu nirudi kwenye ubata wangu.

Akashuka kwenye kiti kule juu. Pembeni mwa genge, mtu mfupi mwenye koti la rangi ya zambarau alikuwa ameinama akikaza buti lake, huku akiimba puani.

Yule mtu akainua kichwa. Wakatazamana.

"Kumbe choo cha huku juu ndicho kisafi?" aliuliza Bi Fusae.

"Na kile kitu cha moto, mama, umekipata?"

Mizuho akaona haya, kisha akakumbuka. "Mama! Magoti yako!"

"Magoti yangu yana nini?"

"Shigeki kasema hata ngazi hayataki."

"Shigeki kasema!" Bi Fusae alisimama wima, na kwa mtu wa miaka sitini na sita alisimama wima sana. "Mimi kaniambia wewe ukiona mteremko unatetemeka mpaka unatapika. Nikasema basi, mtoto wa watu nisimtese. Lakini mimi nilitaka Washidani! Nimezaliwa bonde la pili kutoka hapo, shule nilikuwa naenda kwa vibao."

"Lakini kila Februari si unaenda kuoga maji moto na wenzako wa zamani?"

"Tunaoga, ndiyo. Baada ya kuteleza kutwa nzima."

"Mimi pia nilitaka Washidani," alisema Mizuho, sauti ikimtoka nyembamba.

"Sasa ni nani aliyetaka kuja hapa?"

Wote wawili wakatazama chini. Bondeni kabisa, mtu mwenye koti la buluu alikuwa amelala chali kwenye tambarare, na watoto watatu wa chekechea walikuwa wakimzunguka kwa ustadi waendelee na safari yao.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema Bi Fusae, akaanza kucheka. Mizuho hakuwahi kumsikia akicheka hivyo, kwa kifua, bila kuziba mdomo kwa mkono. Naye akacheka mpaka miwani ikajaa ukungu. Kisha yule mama akajitupa gengeni bila kuaga, magoti yakicheza kushoto na kulia, theluji ikiruka, na mkaza mwanawe akamfuata akipiga mayowe ya furaha mpaka chini.

Njia ya mwongo ni fupi. Ya Shigeki iliishia mezani, mbele ya sahani ya wali na mchuzi wa kari.

"Tangu nina miaka minane naogopa," alikiri, akiuchungulia wali wake. "Mama bingwa, mke bingwa. Ningesemaje?"

"Ungesema 'naogopa', mwanangu. Ni neno moja tu."

"Basi naogopa."

"Umesamehewa. Kula. Kesho sisi tunakwenda Washidani. Wewe utabaki majini mpaka ngozi ijikunje." Shigeki aliipokea adhabu ile haraka mno.

Jumapili walipanda basi la kwanza. Washidani kulikuwa kumenyesha theluji usiku kucha, na walishuka, wakapanda, wakashuka tena, mpaka saa sita njaa ikawakalisha kileleni, mgongo kwa ukuta wa kibanda, kila mmoja na tonge lake la wali lililofungwa kwa mwani. Bi Fusae alikuwa na punje ya wali kidevuni na hakuwa na habari nayo. Labda punje ile ndiyo iliyompa Mizuho ujasiri.

"Mama, nikuulize kitu? Kwa nini huniachii hata kikombe nikuoshee?"

Bi Fusae aliacha kutafuna. Alivua glavu, akaiangalia mikono yake mwenyewe.

"Mwaka wangu wa kwanza Kawagoe," alisema, "mama mkwe wangu alinisimamisha jikoni siku zote tatu za mwaka mpya. Maji ya bomba, yale ya Januari. Mikono ilipasuka ikatoka damu, na wageni sebuleni wanacheka. Nikaapa kwamba mke wa mwanangu hatagusa kikombe nyumbani kwangu. Nilidhani unafurahi."

"Mimi nilidhani hunitaki."

Upepo ulipita, ukaacha vumbi la theluji magotini pao. Bi Fusae hakuwa mtu wa kulia. Aliivua miwani yake, akaifuta, ingawa ilikuwa safi.

"Miaka tisa hatukuulizana," alisema. "Na jana tulimcheka Shigeki."

Basi yule mama akanyoosha mguu wake wa kushoto, akamwekea Mizuho mapajani.

"We Mizuho, nivue hili buti, vidole vimekufa ganzi. Vuta! Si hivyo, shika kisigino. Nani alikufundisha kuvua buti, wewe?"

Mizuho akavuta kwa nguvu zake zote. Buti likachomoka, naye akaanguka chali kwenye theluji, amelikumbatia, akicheka huku machozi yanamtoka, na hakukumbuka ni lini alifurahi namna ile.

"Na Desemba," Bi Fusae aliendelea, akijisugua vidole, "usisubiri siku ya mwaka mpya yenyewe uje kama balozi. Njoo tarehe thelathini. Kuna maharage ya kuchemsha, madirisha yote ya kufuta, na ile stoo sijaigusa tangu baba yake Shigeki afariki. Utachafuka, nakwambia mapema."

"Nitakuja tarehe ishirini na nane, mama," alisema Mizuho, bado amelala chali, buti kifuani.