Samahani ya Gari Jeupe

Gari jeupe lilisema breki zake mbovu, na fundi akaliuza hivyo hivyo.

Magari yote ya gereji ile yalisema. Yalitoka Japani yakiwa na sauti ya kike ndani ya dashibodi, na ukizungusha ufunguo tu, yanaanza kuongea. Mafundi walishazoea, wakaichukulia kama kelele ya feni. Ikaendelea hivyo hadi binti wa fundi alipoingia mwaka wa pili chuo kikuu. Alikuwa anasomea uhasibu, na chuo kilimtaka achague somo dogo la kusindikiza lile kubwa. Wenzake walichukua usimamizi wa miradi. Yeye akachukua lugha na utamaduni wa Kijapani.

"Somo dogo, ada kubwa," fundi alisema. "Hapa utamwinamia nani?"

Darasani walikuwa tisa. Mhadhiri aliwaambia kila mmoja atafute wa kuzungumza naye, maana lugha isiyosemwa huota kutu. Binti hakupata mtu. Kwa hiyo kila Jumamosi, akishampelekea baba yake chakula cha mchana, alivua viatu, akavipanga chini ncha zikitazama nje, akaingia ndani ya gari lolote lililokuwa wazi na kulisalimia kwa heshima zote alizofundishwa. Jumamosi ya tatu, gari likamjibu.

Aliyekuwa karibu ni fundi rangi, waliyemwita Kobe kwa mwendo wake.

"Bosi, mwanao anaongea na gari."

"Linasemaje?"

"Sijui. Ila inaonekana limelelewa vizuri."

Lilikuwa linaomba radhi. Yote yalikuwa hivyo. Hakuna gari lililotaja ubovu wake kabla ya kuomba samahani. Samahani kwa usumbufu, beringi ya mbele kushoto imekwisha. Samahani sana, kilomita mnazozisoma hapa si zangu, zangu ni mara tatu ya hizo. Fundi alisikia ya beringi, ya kilomita hakuyasikia. Baada ya miezi miwili alikuwa anamaliza kwa saa moja kazi ya siku mbili, na watu wakaanza kumwita daktari. Binti alipoomba kitabu cha herufi, aliambiwa akawaombe hao rafiki zake wenye matairi.

Ndipo likaja lile jeupe. Mteja alikuwa mkunga aliyezalisha mitaa mitatu kwa miguu yake, na alilitaka Ijumaa. Asubuhi ya siku hiyo binti alikaa ndani ya gari muda mrefu. Liliomba radhi mara tano kabla ya kusema jambo.

"Baba, masta ya breki ina ufa. Linasema kwenye mteremko halitasimama."

"Masta mpya inafika baada ya wiki mbili."

"Basi asubiri."

"Mimba husubiri? Akilikosa hapa, jioni atakuwa na la mwenzangu."

"Lakini, baba..."

"Wewe mtoto, nani anakusomesha? Haya magari? Fungua huo mdomo, somo lako dogo liishe leo, na lile kubwa lilifuate."

Mkunga alifika saa nane mchana. Alilizunguka gari, akapiga tairi teke, kama wanavyofanya wote wasiojua magari.

"Fundi, usinifiche kitu. Mficha uchi hazai, na mimi hiyo ndiyo kazi yangu."

"Dada, likikusumbua rudi uninyonge."

Lakini mtaa hauna siri. Mkunga akamgeukia binti. "Mwanangu, nasikia unaelewana nayo. Hebu niulizie."

Binti alivua viatu, akaingia. Gari lilirudia yale yale, taratibu, likamsihi amfikishie mama huyu kila neno. Fundi alisimama dirishani akifuta spana ambayo ilikuwa safi.

"Linasemaje?" mkunga aliuliza.

"Linakukaribisha, mama."

"Lina adabu kuliko wakwe zangu."

Gari halikujua Kiswahili. Lilimsikia binti akisema, likaamini ujumbe umefika, likamshukuru. Binti akainamisha kichwa kulipokea shukrani zake, kwa sababu kutofanya hivyo ni utovu wa adabu. Hilo lilikuwa kwenye mhadhara wa kwanza.

Jumanne saa nne asubuhi gari lilirudi mgongoni mwa lori, pua imeingia tumboni. Lilikuwa limetoka mteremko wa kiwanda cha matofali. Kobe alipovuta mlango, sauti ilikuwa bado inaendelea.

"Linasemaje?" fundi aliuliza.

Binti alivua viatu. Sakafu ya gari ilikuwa imejaa vioo. Akaingia.

"Linaomba radhi."

"Kwa nani?"

"Kwa mkunga. Kwako. Na kwangu, kwa kunisumbua nitafsiri."

Fundi alipiga paa la gari kofi. "Umeona? Limekiri lenyewe. Kobe, wewe ni shahidi."

"Mimi nilikuwa napaka rangi," Kobe alisema.

Spika iling'olewa ikatupwa kwenye ndoo ya nati, na humo ikaendelea kuomba samahani mpaka saa kumi na moja. Tangu wiki hiyo fundi aling'oa spika ya kila gari kabla ya kuliweka barabarani. Wanunuzi walisema magari yake yametulia.

Mkunga alikatwa mguu wa kulia, juu ya goti. Mjamzito aliyekuwa anampeleka hospitali alirudi nyumbani bila mtoto. Mitaa mitatu ilibaki bila mkunga. Binti alishonwa nyuzi saba kwenye nyayo, nne kushoto na tatu kulia, akajiondoa kwenye somo dogo wiki mbili kabla ya mtihani wa kuzungumza, na darasani wakabaki wanane. Masta ya breki ilifika siku ile ile aliyosema fundi. Fundi mwenyewe, ajali ile ilimgharimu Jumanne moja, kuanzia saa nne hadi saa kumi na moja.