Wageni wa Kibofu cha Shombo

Usiku wa kuamkia leo niliota kwamba paka wangu ana mlango tumboni, na komeo la mlango huo nimeliweka mimi.

Nianze na hali ilivyokuwa, maana ndoto hii haikushuka tu kutoka darini. Paka wangu anaitwa Shombo. Ni dume, mnene, rangi ya chai ya maziwa, na mkojo wake ndio mtihani wetu tangu mwaka jana. Kila baada ya muda unaziba. Anaingia kwenye karai lake la mchanga, anachuchumaa, anakaza, analia, anatoka hivi hivi. Dawa akipewa hupona, tukashukuru, kisha tukaanza upya. Jana mchana ilizidi. Daktari Shemhilu, daktari wa mifugo wa huku kwetu Ngamiani, alimpitishia mrija mwembamba akamfungua, akanirudishia paka wangu amelegea kama nguo iliyofuliwa.

“Bi Saumu, mchanga bado umo kibofuni,” akaniambia. “Njia nimeipata, ila sasa akojoe mwenyewe. Ikifika alfajiri hajakojoa, mlete mbio. Na sikufichi, safari hii anaweza asipone.”

Akanipa na masharti. Maji yamfuate kila aendako. Dagaa wakavu wa chumvi, marufuku. Na wageni wapungue, kwa sababu paka akiwa na hofu hubana.

Hayo mawili ya kwanza niliyakubali. Hilo la wageni lilinikaa kooni. Mimi ni msusi, sebule yangu ndiyo saluni, na karai la Shombo liko nyuma ya mlango wa sebule hiyo hiyo. Mteja akija kusuka haondoki mpaka ale. Aliyemsindikiza mteja naye haondoki mpaka ale. Na kila mmoja wao, akichota dagaa kwenye sahani, mmoja humtupia paka, huku akisema maskini ananitazama. Nitamkataza vipi mgeni? Hemedi, mume wangu, husema siku nikifa waombolezaji watalazimika kunisubiri nimalize kuwapakulia.

Basi nikatandika mkeka kando ya karai, nikamwambia Hemedi mimi leo silali. Nikalala.

Shombo amekaa mbele yangu, mgongo wima, kama mtu anayesubiri kusukwa. Tumboni pake pana mlango wa mbao, na komeo kwa nje.

“Bi mkubwa,” ananiambia, “nina wageni.”

Sishangai kwamba anasema. Ninachoshangaa ni kwamba ana lafudhi ya Pangani, ilhali amezaliwa hapa hapa, chini ya meza yangu ya kupigia pasi.

“Wengi?” nauliza.

“Wamekaa mpaka kizingitini.”

“Wamekula?”

“Swali hilo ndilo lililotufikisha hapa,” anasema Shombo, kisha anajikunja kwa maumivu.

Nyuma yake limesimama bakuli lake la maji. Limeota miguu miembamba ya bati, na linahema.

“Daktari alisema maji yamfuate kila aendako,” linasema. “Tangu jana namfuata. Ameingia uvunguni, nimeingia. Amepanda juu ya kabati, nimepanda. Nusu yangu nimeimwaga ngazini.”

“Hatuna ngazi,” nasema.

“Ndiyo maana nimechoka hivi. Na wewe miaka yote uliniweka ubavuni mwa karai la choo. Ungekuwa wewe, ungekunywa chai chooni?”

Nasema nisingekunywa. Nataka kujitetea kwamba sebule ni ndogo, lakini sebule imeshaondoka. Nimekaa kwenye benchi la kliniki ya mifugo, katikati ya ng'ombe na kuku. Ng'ombe amevaa miwani ya kusomea.

“Umekuja kwa chanjo?” ananiuliza.

“Nimemleta paka.”

“Yuko wapi?”

Natazama mapajani. Shombo hayupo. Kilichopo ni mlango tu, nimeupakata, na kwa ndani nasikia watu wanacheka na vikombe vinagongana. Katikati ya vicheko hivyo, mbali kabisa, nasikia paka wangu analia kile kilio chake cha kukaza. Nasimama, nakaa, nasimama tena. Nahamia mwisho wa benchi, narudi.

“Tulia,” anasema kuku. “Foleni haisogei. Kuna mtu kakaa katikati ya njia.”

“Nani?”

“Hajulikani. Ila ameambiwa asubiri chakula.”

Mlango wa daktari unafunguka, lakini anayetoka si daktari. Ni mrija wa jana, mrefu, mwembamba, umevaa tai.

“Mwenye mlango ni nani?” unauliza. Nanyanyua mlango wangu juu.

“Huu nilipita jana nikaufungua,” unasema mrija. “Nilipogeuza mgongo wakaufunga tena. Wanasema hawawezi kuondoka bila ruhusa ya mwenyeji. Watu wenye adabu sana. Nimepita njia nyingi, sijaona adabu ya kuua kama hii.”

“Mwenyeji si ni Shombo?” nasema.

“Shombo ni nyumba. Mwenyeji ni wewe. Vua viatu uingie.”

Navua viatu, naondoa komeo, nainama. Mlango ni mdogo kuliko kiganja changu lakini naenea, maana kadiri ninavyozidi kuinama ndivyo ninavyozidi kupungua. Napita kwenye ujia mwembamba, wenye joto, bega huku na bega huku, natokea sebuleni kwangu.

Ni sebule yangu kabisa. Mkeka wangu, kochi langu, kioo changu chenye ufa. Tofauti ni kwamba kuta ni laini, zinavutika, na zimekakamaa kama ngoma iliyoanikwa juani. Mwanga ni wa njano. Maji ya njano yamefika vifundoni na yanaendelea kupanda. Na kila mahali, kwenye kochi, juu ya kabati, migongo ikiegemea kuta, wamekaa wageni. Ni chembe za mchanga. Zina kanzu, zina baibui, zina watoto wa kunyonya. Kila chembe ina sahani ya dagaa mapajani.

“Huyo, mwenye nyumba kaja,” wanasema, na wote wanajisogeza kunipa nafasi, na kwa kujisogeza huko kuta zinalia.

Mkubwa wao ni bibi mmoja aliyefunga kilemba, amekaa kwenye kiti changu cha kusukia. Ananipa mkono. Mkono wake unakwaruza.

“Samahani kwa umbo hili,” ananiambia. “Tulisikia sharti kwamba wageni wapungue, tukapungua. Zamani nilikuwa na kimo kama chako.”

“Bibi,” nasema, “paka wangu anaumwa.”

“Tunajua, mwanangu. Tunamsikia. Tangu juzi tumeaga, tukasema jamani twende zetu, tunaiumiza nyumba ya watu. Lakini kila tukiaga tunajibiwa.”

“Mnajibiwa na nani?”

Bibi ananionyesha ukuta kwa kidevu. Ukutani inatoka sauti, na sauti ni yangu. Inasema ile sauti tamu ninayoitoa nikiwa na mkono mmoja kwenye nywele za mtu na mwingine kwenye mwiko: “Aaa, mnakwenda wapi saa hizi? Mmekuja sasa hivi tu. Kaeni, kuna dagaa hapa, mtaondokaje na njaa?”

Wageni wanatikisa vichwa kwa heshima, wanakaa vizuri zaidi. Maji yananifika magotini.

Nafumbua kinywa niwaambie waende. Kinachotoka ni: “Karibuni, jisikieni mko kwenu.” Papo hapo mlango unafunguka, inaingia familia nzima ya chembe, baba, mama na shangazi mwenye mzigo. Wanakaa. Ukuta unavutika, na nje Shombo analia kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia, nyembamba, ya mtu anayekata tamaa.

Najaribu tena. “Naomba,” nasema, na ulimi unaniteleza, “naomba mwongeze kidogo, mbona hamli?” Wanaingia wengine. Maji yako kiunoni. Naona aibu na naogopa, na vyote viwili vinanijia kwa pamoja. Nahama kona moja hadi nyingine, nakusanya sahani, nikifika mlangoni nakuta nimebeba sahani zilizojaa, ninazigawa. Mikono yangu hainisikilizi.

“Bibi, ondokeni tu,” nasema kwa shida. “Msisubiri niseme.”

“Hatuwezi,” anasema yule bibi, na naona kweli anasikitika. “Sisi tumelelewa. Mgeni haondoki hivi hivi kama mwizi. Lazima ruhusa itoke kinywani mwako.”

“Na mimi nimelelewa. Mwenyeji hamfukuzi mgeni.”

“Basi tutakaa wote na adabu zetu,” anasema, “mpaka nyumba ipasuke.”

Hasemi kwa vitisho. Anasema kama mtu anayetaja bei ya nyanya, na hapo ndipo ninapoelewa kwamba paka wangu anakufa, na anakufa kwa sababu mimi nataka watu waseme Saumu ni mkarimu. Nimempenda Shombo kwa kumlisha. Sikuwahi hata siku moja kumpenda kwa kumkatalia mtu.

Naweka sahani chini, ndani ya maji. Zinaelea.

“Nendeni,” nasema.

Wanacheka kidogo, kama watu wanavyocheka mwenyeji akitania.

“Sitanii. Nendeni makwenu. Leo chakula hakuna. Na hata kingekuwepo, si chenu.”

Mtoto mmoja wa chembe anaacha kunyonya. Uso wangu unawaka, nahisi mama yangu na bibi yangu na wote walionitangulia wamegeuka huko waliko wananitazama. Nawaacha wanitazame.

“Nyumba ni ndogo,” nasema. “Na nyumba yenyewe inaumwa. Hodi zenu nimezisikia, na jibu ni hapana.”

Sauti ya ukutani inaanza, “Aaa, mnakwenda…” kisha inakatika.

Mlango unasukumwa kwa nje. Ni bakuli, miguu yake ya bati inatetemeka, limejaa hadi ukingoni. Linajimimina lote. Maji safi yanaingia chini ya yale ya njano, yanayainua, na wageni wote wanainuka pamoja nayo, kila mmoja akishika kanzu yake, wakitafuta ndara zao kwa miguu.

“Hayo ndiyo maneno,” anasema bibi wa kilemba, anajifunga kanga vizuri. “Tulikuwa tunakusubiri uyaseme. Asante kwa yote.”

Wanatoka. Nawashika mikono mmoja mmoja. Na kwa kuwa hata mtu aliyefukuzwa husindikizwa, nami natoka nao. Tunashuka ule ujia mwembamba, mrija umeegemea ukuta unatupisha, maji yanatusukuma migongoni, ya moto, mengi, yana kelele. Tunaangukia nje, kwenye uwanja mkubwa wa mchanga usio na mwisho. Punde tu ulikuwa mkavu, sasa umelowa. Tunatembea. Miguu inazama. Mbele kuna ukuta mrefu wa bati, na ukutani hapo ndipo tunapoagana.

“Tutakukumbuka,” anasema bibi.

“Msinikumbuke sana,” namjibu.

Anacheka. Wanapanda ukuta, wanavuka upande wa pili, wanaondoka. Nageuka peke yangu, naanza kurudi, na mchanga unanishika vidole kila hatua.

Nikaamshwa na Hemedi. Kulikuwa kumeshapambazuka. Alikuwa amechuchumaa mbele ya karai na singlendi yake, yeye ambaye kila siku hutangaza kwamba paka si mtu wa kumnyima usingizi, na alikuwa ameinamia mchanga hadi pua yake inakaribia kuugusa.

“Saumu,” alisema polepole, “amekojoa.”

Nilikaa. Shombo alikuwa amelala chali katikati ya sebule, miguu minne hewani, anakoroma. Karai lilikuwa na doa pana lililolowa, na harufu ilikuwa ile inayofanya wateja wangu wazibe pua. Niliivuta kifuani. Nililia, sioni haya kusema, na Hemedi akajifanya anasafisha koo.

“Lakini njoo uone kitu,” akasema.

Nikasogea. Kutoka kwenye lile doa hadi ukingoni mwa karai, mchanga ulikuwa umechorwa nyayo. Nyayo ndogo, ndogo kuliko punje ya mchele, lakini zina kisigino na zina vidole.

“Panya gani anatembea kwa miguu miwili?” akauliza Hemedi. “Na tazama. Hawa wengi wote wanakwenda. Huyu mmoja alikwenda nao, halafu akarudi peke yake. Huyu ni nani?”

Nikamwambia sijui, nikaivuta miguu yangu ndani ya kanga, maana ilikuwa imelowa, na katikati ya vidole kulikuwa na mchanga.