Ukimya wa Bernardine

Kabla ya tifoide, ile homa ya matumbo, Bernardine akifika soko la Sange kila mtu alijua. Alicheka kwa sauti, akagombana kwa sauti, na aliyethubutu kusema mchele aliouza una mawe alimwagiwa maneno hadi akanunua kwa aibu. Nyumbani ni vilevile. Mumewe, Anastase, alisema ameoa redio isiyozimika.

Kisha msimu mmoja wa mvua tifoide ilimrudia mara tatu. Mara tatu akachomwa sindano na kumaliza vidonge. Homa ikaondoka. Bernardine akabaki ameketi mlangoni, mikono mapajani, akitazama malori yaliyokwenda mji wa Kamanyola bila kuyaona.

Mwezi uliofuata kaka yake Sévère akafa huko Katogota. Ndiye aliyemfundisha kuogelea mtoni Ruzizi. Bernardine aliketi karibu na maiti akingoja machozi. Hayakuja. Aliona midomo ya kaka yake imekauka, akafikiri kwamba ingefaa mtu aipake mafuta. Basi. Wanawake wakaanza kunong'ona.

Mdogo wake, Kankindi, akampeleka Uvira kwa Marie-Rose, muuguzi waliyesali naye zamani.

"Huyu si dada yenye ninajua," Kankindi alisema.

Marie-Rose akampima, akauliza mengi, hasa habari za tumbo.

"Mu tumbo kuko tududu tudogo twingi sana, mama. Twingine tunatusaidia. Antibiotiki inaua tubaya na tuzuri pamoja. Wenye kufanya utafiti wanaona tududu tule tunapelekea ubongo habari, pengine tunagusa hata tabia ya muntu. Lakini minye sitakudanganya: bado haijahakikishwa. Inaweza kuwa huzuni, ao ugonjwa yenyewe."

"Kumbe minye nilikuwa tududu?" Bernardine aliuliza.

Kankindi akacheka. Bernardine hakuwa akitania.

Aliambiwa ale maharage, mboga na maziwa ya mgando, na arudi kila mwezi wazungumze.

Anastase alisikiliza habari hizo hadi mwisho. "Mama Irakoze, unatafuta dawa ya nini?" alisema kwa upole. "Nyumba iko na amani. Hata mama yangu anasema Mungu amekugeuza."

Bernardine alijua kwamba zamani maneno hayo yangemchoma. Alijipapasa moyoni, akitafuta mahali pa kuumia. Hakupaona.

Kila wiki Kankindi alileta maziwa ya Nyirakamana, mfugaji aliyeshuka kutoka milima ya juu. Bernardine aliyanywa kwa sababu kukataa kulihitaji nguvu. Uvira alikwenda kwa sababu alipelekwa. Miezi minne ikapita hivyo.

Kisha mama mkwe akaja na shauri. Irakoze, binti yao wa miaka kumi na minne, aache masomo akamlelee shangazi yake watoto Bujumbura. Anastase akakubali. Irakoze alisimama na sahani mkononi, akimtazama mama yake. Hakuna mwingine aliyemtazama, walikuwa wamezoea ukimya wake.

"Hapana," Bernardine alisema.

Mama mkwe akageuka. "Weye unasema nini?"

"Nimesema hapana, mama. Irakoze anabaki mu masomo."

Sauti yake haikupanda. Hakuwa na hasira, aliitafuta, haikuwapo. Alijua tu kwamba jambo lile si sawa, kama mpishi anavyojua wali haujaiva. Mama mkwe akabisha, akalia, akataja ukoo mzima. Bernardine akarudia neno lile lile hadi wakachoka. Anastase alimtazama kwa wasiwasi, mara ya kwanza tangu homa ile.

Kama ni maziwa, au miezi iliyopita, au mazungumzo ya Marie-Rose, hakuna aliyeweza kusema, na Bernardine hakuuliza. Jumatatu Irakoze alikwenda shuleni. Mama yake alimsindikiza hadi barabarani, akamfunga kifungo cha shingo, akarudi nyumbani kuchambua mchele. Kicheko hakikuwa kimerudi. Alichambua taratibu, jiwe baada ya jiwe.