Maua Mgongoni mwa Chizuru

Kijiji kilikuwa kimeshapotea nyuma ya kilima, na Bi Tokue, mshenga, bado anamfundisha uongo Chizuru, binti aliyekuwa akimpeleka kuchumbiwa. Mimi nilitangulia na sanduku langu la dawa mgongoni, maana njia ya kwenda bondeni kwa kina Yasuo, kijana aliyetafuta mke, naijua.

"Siku ya bomu ulikuwa wapi?"

"Kwa shangazi, milimani," Chizuru akajibu.

"Hiroshima je?"

"Sijawahi kufika."

"Haya. Wakikukaribisha kuoga, sema una mafua. Wakijua tu kuwa ulikuwako, hakuna ndoa. Watasema utazaa vilema. Au unataka uzeeke ukimpikia kaka yako?"

Jioni Bi Kinu, mama yake Yasuo, hakutaka hata kusikia habari ya mafua. Mgeni huoga wa kwanza, na mwenyeji aliyempenda humsugua mgongo.

"Mafua dawa yake maji ya moto! Au naongopa, muuza dawa?"

Nikasema haongopi. Nikapewa kazi ya kuchochea moto chini ya pipa la kuogea, nje. Ukuta ni mbao tu. Kila neno lilinifikia.

"Mwanangu, haya maua mgongoni ni ya nini?"

Maji yakamwagika.

"Ni ya blauzi niliyovaa siku ile. Blauzi iliungua, maua yake yakabaki ngozini."

"Kumbe ulikuwa Hiroshima."

"Nilikuwako, na mama na wadogo zangu. Nilitoka peke yangu. Kama mnanirudisha, semeni sasa, nisile wali wenu bure."

"Mjinga wewe, utarudi na giza hili uliwe na dubu? Geuka. Wewe muuza dawa! Chochea, au umelala?"

Nikatia kuni. Bi Kinu akashusha sauti.

"Na watoto?"

"Sijui, mama. Hata madaktari hawajui."

"Basi Yasuo atayasikia kinywani mwako. Mimi sisemi, wala sifichi."

Chizuru akayasema kwenye chakula, mbele ya wote. Bi Tokue aliangusha vijiti vyake vya kulia. Yasuo alimaliza bakuli lake, kisha akauliza kama bado panauma.

Walioana baada ya mavuno. Mimba ya kwanza iliharibika. Ya pili akazaliwa msichana, mzima. Chizuru alikufa kwa saratani ya damu, akiwa na miaka arobaini na mmoja. Yasuo hakuoa tena. Bi Kinu, hadi alipokufa, alimlea mjukuu. Bi Tokue hakualikwa tena bonde lile. Msichana alipokua, washenga walinifuata kuniuliza habari za mama yake. Niliwaambia wakamwulize msichana mwenyewe.