Usukani Hauuzwi

Kama Fideli angeoa mke wa pili, ningejua la kufanya. Ningegomba, ningerudi kwa kaka zangu, wazee wangeitwa kikao. Lakini yeye alikuwa na trekta, na hapa Nyamigogo sijaona mzee anayejua kusuluhisha ugomvi wa mke na trekta.

Lilikuwa la Kijerumani, la zamani sana, lenye pua fupi na bomba refu la moshi. Mapadre wa Rulenge walilitumia kulimia shamba la misheni, na dereva wao alikuwa baba mkwe wangu, mzee Hategekimana. Lilipowachosha wakampa. Alipofariki, Fideli alirithi trekta na mimi nikarithi harufu ya dizeli kwenye mashuka. Kila jioni aling'oa usukani akaulaza chumbani kwetu, chini ya kitanda, kwa sababu trekta lile bila usukani haliendi wala haliwaki, maana huohuo ndio unaozungushia injini. Nimefagia kuuzunguka usukani huo tangu nikiwa bi harusi.

Kisha macho yake yakaingia mtoto wa jicho. Alianza kwa kuwasalimia watu kwa majina yasiyo yao, akaishia kuona mwanga na vivuli tu. Daktari alisema macho yote mawili yanapasulika na ataona vizuri. Fedha ndizo hatukuwa nazo, maana misimu miwili maharage yalikauka yakiwa kwenye maua. Tulichokuwa nacho ni trekta.

Nilitaka aone. Tena niseme na nilichokuwa nakiogopa: mara ya mwisho Fideli kuniona vizuri, nilikuwa na meno yangu ya mbele na kichwa changu kilikuwa cheusi. Nilikuwa najitazama kwenye kioo cha binti yetu Aline nikiwaza, huyu mzee akifunguliwa macho si atauliza Domisiana yuko wapi?

Aline alilipiga trekta picha akaituma huku na huko kwa simu. Haikupita muda akaja mtu kutoka Mwanza, jina lake Mhoja, Msukuma mrefu mwenye adabu. Alituambia kuna tajiri anakusanya matrekta ya kale na yeye ndiye anayemkadiria bei.

Alianza kazi bila haraka. Alipitisha sumaku kwenye bodi ajue wapi pamezibwa kwa kitu kisicho chuma. Alifuta vumbi, akasugua chaki juu ya namba zilizochongwa ubavuni mpaka zikasomeka. Akalala chini kwenye matope, na shati lake jeupe, nikamwonea huruma.

"Mzee, linawaka?" aliuliza.

Fideli akaomba taa ya moto, maana injini ile haiwaki ikiwa baridi. Aliuchoma uso wa injini, akiupima joto kwa kiganja, mpaka akaridhika. Akaja na usukani, akauchomeka ubavuni kwenye gurudumu la chuma, akausukuma mbele, nyuma, mbele. Injini ikakohoa, ikashika, tu-tu-tu, kuku wakakimbilia mihogoni. Haya yote mtu asiyeona. Nilijivuna, ingawa sikupenda kuonyesha.

Mhoja alisikiliza huku amefumba macho. Kisha akataja bei, na Aline akakaa chini. Ilitosha macho yote mawili, nauli, na bati za jikoni.

"Trekta chukua," Fideli akasema. "Usukani unabaki."

"Unabaki wapi, mzee?"

"Hapa kwangu. Ng'ombe akiuzwa, ikiziriko, ile kamba yake, haiendi naye. Ukitoa na kamba umetoa zizi zima."

Mhoja alikuna kichwa. "Hata kwetu Usukumani kamba inabaki, mzee wangu, nakuelewa kabisa. Ila tajiri hataelewa. Bila huo usukani wa asili nitalinunua kama chuma chakavu, kwa kilo."

"Basi lisiuzwe."

Akaketi kizingitini, usukani mapajani, kama amebeba mjukuu. Mhoja akatazama pembeni. Aline akaanza kulia kimyakimya, na mimi hasira zikanipanda. Nilikuwa nimemvumilia mengi, ila si kupofuka kwa sababu ya kamba.

"Baba Aline," nikamwambia, "kamba inabaki ili afungwe ng'ombe mwingine. Haya, baki nayo. Utamfunga nani? Mimi?"

"Wewe hufungiki," alisema, akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu macho yaharibike.

Kicheko kile kilinimaliza. Nikaketi karibu naye, nikamwambia kwa sauti ya chini nisichowahi kumwambia.

"Unalijua trekta hili kwa vidole, huhitaji macho. Mimi nahitaji unione. Naogopa utakufa hujaniona tena."

Fideli aliupapasa usukani kuuzunguka mzima, pale mikono ya baba yake ilipoulainisha.

"Bwana Mhoja," aliita, "njoo uuchukue kabla sijabadili mawazo."

Lori lilikuja wiki iliyofuata. Fideli alitembea kando ya trekta, kiganja juu yake, mpaka lilipopandishwa na mkono ukakosa pa kushika. Alilia. Na mimi niliyelitukana miaka yote hiyo nililia, tena kwa sauti kuliko yeye.

Hospitalini walianza na jicho la kulia. Asubuhi ya kufungua bandeji nilikaa kwenye kiti mbele yake, kitenge kikubwa nimejitanda kichwani. Muuguzi alipoanza kukunjua bandeji, nilikivuta mbele kikafunika uso wote.

Fideli alipepesa macho. Nilimwona kwa upenyo wa kitambaa akitazama dirisha, akatazama vidole vyake, akamtazama muuguzi. Akageukia kwangu, akabaki hapo.

"Huyu aliyejifunika ni nani?"

"Si mama yetu huyu, mzee?" alisema muuguzi. "Mkeo."

Fideli akanyoosha mkono, akashika pindo.

"Toa kitenge, Domisiana," alisema. "Sikuuza trekta nione maua ya kitambaa."