Mshahara Unaotarajiwa

Saa moja na nusu asubuhi Balbina alikuwa ameshapiga magoti chini ya meza ya mhasibu, akifagia kwa brashi ya rangi vinyesi vya mijusi vilivyojazana kwenye nyaya. Ofisi ile ya mradi wa mbegu za mpunga ilikuwa na kompyuta tano, na kila usiku vumbi la pumba lilipenya kutoka ghalani likazilalia. Tangu Januari alizifuta, akazitoa virusi, akaokoa barua zilizopotea, yote kwa kujitolea, akipewa nauli na chakula cha mchana. Mjini Ifakara, mwaka ule wa 1998, hakumjua mtu mwingine hata mmoja aliyefanya kazi kama yake.

Leo alikuwa na usaili wa kuajiriwa. Fomu ilikuwa tayari, imejazwa yote isipokuwa mstari mmoja: Mshahara unaotarajiwa.

Angeandika ngapi? Nesi anayeanza kazi anamuuliza nesi mwenzake. Mwalimu hali kadhalika. Yeye alimuuliza baba yake, mkulima wa Mngeta, naye akajibu kwa upole, "Andika watakachopenda kukupa."

Akaenda kwa Mama Marsiana, mpiga chapa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Mama Marsiana hakuinua macho kwenye mashine yake. Alikuwa amechapa barua za ofisi ile miaka kumi na minne; tangu kompyuta zije, zilizomfikia zilikuwa za kuhesabika.

"Nilitaka kukuuliza, mama. Mtu anayeanza kazi kama yangu aombe ngapi?"

"Mimi napata elfu arobaini na nane." Akachomoa karatasi, akaigeuza. "Hayo madude mmekuja nayo wenyewe. Bei yake mnaijua wenyewe."

Balbina aliikunja fomu yake, akaondoka.

Saa nne aliomba ruhusa, akakanyaga tope la masika hadi ofisi ya simu. Alitaka kuongea na Eveline, waliyesoma naye kozi ya miezi tisa Morogoro, ambaye sasa alikuwa ameajiriwa Dar es Salaam. Pesa yake ilitosha dakika tatu. Moja iliishia kwa mtu aliyekwenda kumwita.

"Balbina! Mambo vipi? Bado umejichimbia huko?"

"Niko Ifakara. Eveline, sina muda. Wewe walikuanzishia ngapi?"

"Laki na ishirini. Na chakula cha mchana."

"Laki na ishirini!"

"Na hapo tunalalamika! Tuko wanne, juzi tumemwandikia bosi barua." Nyuma yake mtu alipiga kelele kwamba printa ya ghorofani imegoma tena, mwingine akamtania kuwa leo ni zamu yake, wote wakaangua kicheko. Balbina alikuwa na maswali mengine mawili. Hakuyauliza. Alisikiliza kicheko kile mpaka dakika zikamwishia.

Pale pale, kwenye kaunta ya ofisi ya simu, aliandika elfu tisini.

Saa nane mchana Bwana Osward, afisa utawala, aliisoma fomu, akavua miwani.

"Elfu tisini. Binti, unazijua elfu tisini?"

"Nazijua, mzee. Wenzangu Dar wanaanza na laki na ishirini."

"Hapa ni Dar?"

"Kompyuta ni zile zile."

"Mume huna, mtoto huna. Umepanga chumba kimoja mtaa wa Viwanja Sitini. Elfu tisini zote hizi utazifanyia nini?"

Kabla hajajibu, mlango ulifunguliwa kwa nguvu. Alikuwa Dionisi, mhasibu, shati limemganda mgongoni. "Imekufa! Malipo ya vibarua wa Mngeta yamo humo humo, na gari linaondoka saa tisa!"

Walikwenda wote watatu. Kioo kilikuwa cheusi, kina mstari mmoja wa maandishi meupe. Balbina aliinama, akabonyeza kitufe, disketi iliyosahauliwa ndani, iliyokuwa ikiizuia mashine kuwaka, ikachomoka. Akagusa herufi moja. Mashine ikaamka.

"Basi?" aliuliza Bwana Osward.

"Basi."

"Dakika moja!" Akacheka. "Kitufe kimoja! Ndiyo elfu tisini hizo?"

"Mimi nimehangaika nayo tangu saa sita," alisema Dionisi kwa sauti ya chini. Akafungua orodha ya malipo kuhakikisha hakuna kilichopotea. Balbina alikuwa amesimama nyuma yake. Chini kabisa, baada ya vibarua, palikuwa na jina moja peke yake: Kelestini, matengenezo ya kompyuta, 150,000.

Kelestini alikuwa fundi aliyekuja kwa treni kutoka Dar kila mwisho wa mwezi. Alikaa na Balbina nusu siku, akafungua daftari la matengenezo, akamuuliza nini kiliharibika na yeye alikitengenezaje. Akayaandika yote, akatia sahihi chini ya neno Fundi, kisha akamnunulia soda. Mwezi mzima Balbina aliisubiri siku ile, kwa kuwa Kelestini ndiye mtu pekee aliyeelewa anachosema. Siku zote Balbina alidhani fundi huyo naye anapewa nauli tu.

"Laki na nusu," alisema Balbina. "Kila mwezi?"

"Yule ni mtaalamu. Ana mkataba."

"Mara ya mwisho hata hakuwasha mashine."

"Balbina." Bwana Osward alivaa miwani. "Kwenye karatasi zetu ngazi ya kompyuta haipo. Tunakuweka kwenye ya mpiga chapa anayeanza, elfu arobaini. Kama hutaki, wenye vyeti kama chako wako wengi."

"Wako wapi?"

Aliuliza kwa dhati. Angependa kuwafahamu.

Bwana Osward alirudi naye ofisini kwake, akasukuma mkataba mbele yake. Balbina aliwaza kodi ya chumba. Akawaza kurudi Mngeta na cheti cha kompyuta, kwenye nyumba isiyo na umeme. Akatia sahihi.

Saa kumi ofisi ilikuwa imetulia, gari la malipo limekwisha kwenda. Balbina alitoa daftari la matengenezo, akaanza ukurasa wa kwanza. Virusi, mashine ya tatu, vimeondolewa: sahihi ya Kelestini. Printa, karatasi imekwama, imetolewa: sahihi ya Kelestini. Alichukua kalamu ya wino, na kando ya kila sahihi akaandika jina lake na la baba yake, kwa herufi kubwa, pole pole, asikosee hata moja.

Mama Marsiana alikuwa akielekea nyumbani, kanga begani. Akasimama mlangoni.

"Unaandika nini?"

"Jina langu, mama. Hizi kazi nilifanya mimi."

Mama Marsiana alisogea, akaangalia kurasa zile kwa muda. "Watakufukuza hata mshahara wa kwanza hujaupokea," alisema, akatoka.

Balbina alisikiliza kandambili zake barazani, akitumaini zingesimama. Hazikusimama. Aliusubiri wino ukauke, akafungua ukurasa wa mwezi wa pili, akaendelea kuandika.